Nimefunga kizazi (mwanaume), wiki ya tano upande wa kushoto bado unauma. Waliopitia, hii ni kawaida?

#1 Baba Wanne
Wakuu habari za jioni. Naomba tuongee kama watu wazima, maana mada hii nikiipeleka kijiweni wananichekea tu.

Nina miaka 41, watoto wanne, nipo Morogoro. Mimba ya mwisho mke wangu alipata kifafa cha mimba, tukaponea chupuchupu, na daktari akatuambia wazi tusirudie. Sindano hazikumfaa kwa sababu ya presha, kijiti kikamtoa damu mfululizo. Nikaona zamu ni yangu, nikaenda kufunga mirija ya mbegu. Kazi yenyewe haikufika nusu saa, nikapigwa ganzi ya pale pale, nikatoka natembea.

Sasa kinachonisumbua. Niliambiwa "pumzika siku mbili tatu utakuwa fiti". Hii ni wiki ya tano. Kulia nipo safi. Kushoto kuna maumivu mazito, si ya kuchoma, ni uzito unaovuta kutoka kwenye korodani kupanda hadi kinena, hasa jioni nikishinda nimesimama. Na juu ya korodani hiyo nikipapasa nakuta kitu kigumu, ukubwa wa punje ya njegere. Nikikibonyeza kinauma. Homa sina, mkojo unatoka vizuri.

Waliopitia, hii ni kawaida au kuna kitu kimeharibika? Na inaisha lini?

#2 Jicho la Tai
Nimeweka kambi hapa. Mama watoto ameshaanza kunitajia jambo hili, nataka niwasome waliotangulia kabla sijajibu.

#3 Mtukutu wa Ilala
Pole mkuu, na hongera kwa kumbebea mwenzio mzigo. Swali ambalo wote mnaogopa kuliuliza naliuliza mimi: mtambo bado unawaka?

#4 Baba Wanne
Mtukutu, unawaka vizuri, na mama ametulia kwa kuwa hofu ya mimba inaondoka. Tusilikimbie swali langu la kushoto.

#5 Nahodha wa Pangani
Mkuu, hilo busha linaanza. Huku kwetu mzee akisema "kuna uzito unavuta kinena", hatuulizi mara mbili. Wahi mapema, likishakua hata kanzu haifichi.

#6 Tabibu wa Zamu
Pole Baba Wanne. Mimi ni tabibu wa kituo cha afya, na wanaume waliofunga nimewahudumia. Nianze na ratiba ambayo ulistahili kupewa kabla hujashuka kitandani, maana hizo "siku mbili tatu" ni siku za kulala. Kupona ni habari nyingine.

Siku mbili za mwanzo unalala chali. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 unaondoa, baadaye unarudisha. Usiiweke juu ya ngozi moja kwa moja. Chupi ya kubana, mchana na usiku, ili korodani zisining'inie. Maumivu ya kawaida yanatulizwa na panado. Ngozi inaweza kugeuka zambarau au nyeusi mpaka kwenye shina la uume. Inatisha, ila ni damu iliyovilia, inafifia ndani ya wiki moja au mbili. Kuoga ni baada ya saa 24, bila kusugua kidonda. Kazi ya kukaa mezani unaweza kurudi baada ya siku mbili tatu. Mizigo, mpira, baiskeli na tendo la ndoa, wiki nzima kwa uchache. Mara za kwanza shahawa zinaweza kutoka na rangi ya damu au kahawia, nayo inapita. Uzito na mvuto wa hapa na pale unaweza kukaa wiki kadhaa, na hapo ndipo ulipo.

Hiyo njegere: korodani hazijaacha kutengeneza mbegu. Mrija umekatwa, na mbegu zikivuja kwenye ncha ya mrija mwili unazizungushia ukuta. Kinatokea kivimbe kigumu, kitaalamu granuloma. Vingi havina madhara na hutulia vyenyewe.

Cha kukufanya uende hospitali leo leo ni homa ya nyuzi 38 na kuendelea, usaha, uvimbe unaoongezeka kila siku, au mkojo kugoma. Na kwa yeyote anayesoma hapa, awe amefunga au hajafunga: korodani ikiuma ghafla, kwa ukali, na kichefuchefu juu yake, usisubiri asubuhi. Inaweza kuwa imejisokota, na saa sita za mwanzo ndizo zinazoiokoa.

Kuhusu busha, Nahodha, huko pwani mengi chanzo chake ni minyoo ya matende inayoletwa na mbu, na busha ni maji. Kuna kipimo hata nyumbani unafanya: zima taa, weka tochi nyuma ya mfuko. Maji yanapitisha mwanga, mfuko unang'aa wekundu. Kitu kigumu cha njegere hakipitishi.

#7 Nahodha wa Pangani
Tabibu nakuheshimu, ila mtu anaweza kuwa na njegere na busha likaanza pembeni yake. Ajaribu hiyo tochi kwanza.

#8 Mama Pendo
Mimi ni mke, niko Moshi, mume wangu alifunga. Ya kwenye karatasi Tabibu amesema, acheni niseme ya nyumbani.

Siku ya kwanza ganzi bado ipo, mwanaume anajiona shujaa, anataka akakague ng'ombe. Usimruhusu. Usiku ganzi ikiisha ndiyo anaanza kutembea kachanua miguu. Tuligandisha chupa ndogo za maji, nikawa nazifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu, moja ikiyeyuka nyingine iko tayari. Chupi alivaa mbili. Na hili hakuna aliyetuambia: watoto wadogo. Jioni ya siku ya pili mtoto wetu wa mwisho alimrukia baba yake mapajani kama kawaida yake, na ukelele alioutoa baba ukaleta majirani. Baada ya hapo akawa anakaa na mto mapajani. Wenye watoto wadogo, andaeni mto.

Yeye pia upande mmoja ulichelewa kuliko mwingine. Baba Wanne, samahani nikuulize, unafanya kazi gani?

#9 Baba Wanne
Shukrani Tabibu, shukrani dada Mama Pendo. Nina duka la vifaa vya ujenzi. Wiki ile ile nilirudi, gari la saruji lilikuwa linashusha mzigo na vijana walikuwa wawili tu, nikaingia mkono. Kazi haisubiri kidonda.

#10 Fundi Seremala
Basi jibu limepatikana. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Umeukumbatia tumboni, ukakaza kinena, ndani bado pabichi, mshipa mdogo ukaachia damu. Hiyo njegere ni damu iliyoganda, wala si mbegu. Mimi nilishonwa ngiri, nikanyanyua mbao mapema, nikapata kigumu kama hicho hicho.

#11 Tabibu wa Zamu
Fundi, saruji haikumsaidia, hapo tuko pamoja. Lakini damu inayovuja ndani ya mfuko wa korodani inavimba siku zile zile za mwanzo na ngozi inageuka nyeusi. Baba Wanne, ulivimba baada ya kushusha saruji?

#12 Baba Wanne
Kidogo, kwa siku mbili, na weusi ulionekana chini kushoto. Ukaisha.

#13 Fundi Seremala
Umeona? Nimesema.

#14 Duka la Dawa Kona
Wakuu, mnazunguka. Maumivu ya kinena yanayovuta hadi korodani ni U.T.I. Wateja wa namna hii napata kila wiki. Nampa antibiotiki, sipro siku tano na doksi, anarudi kushukuru.

#15 Tabibu wa Zamu
Ndugu yangu wa duka la dawa, tafadhali. Maambukizi baada ya upasuaji huu yapo, kwa hesabu za kimataifa mtu mmoja au wawili kati ya mia wanapata ama maambukizi ama damu kuvilia. Lakini yana dalili: joto, wekundu, mkojo kuwaka, uvimbe wa moto. Yeye hana hata moja. Ukimpa sipro bila kipimo utamfundisha bakteria wake kuizoea, na siku akiihitaji kweli haitamsaidia. Apime mkojo kwanza, kipimo chenyewe si ghali.

#16 Duka la Dawa Kona
Kuna maambukizi yasiyo na homa, Tabibu, yale yaliyojificha nyuma ya korodani. Hata wewe unayajua.

#17 Tabibu wa Zamu
Nayajua. Ndiyo maana nikasema apime.

#18 Kamau wa Thika
Niaje wazee. Huku Kenya tumeanza kuongea mambo haya bila aibu, hasa tangu 2016 Siku ya Vasektomi Duniani, yaani siku ya huku kufunga kwa wanaume, ilipofanyiwa Nairobi. Wanaume bado ni wachache, lakini ukiuliza vizuri utapata mmoja kanisani kwenu.

Mimi nilifanyiwa ile ya kutoboa, bila kisu. Tundu moja dogo, hakuna nyuzi. Na kama huyu, ni kushoto kulinisumbua. Daktari wa mkojo alinieleza kitu sijaona hapa: mshipa unaotoa damu kwenye korodani ya kushoto unapanda mpaka kwa mshipa wa figo na unaingia kwa pembe, kulia unaingia moja kwa moja kwa mshipa mkubwa. Kwa hivyo kushoto damu hurudi nyuma kwa urahisi, mishipa inavimba, ukisimama siku nzima unahisi mzigo. Kwangu ilikuwepo hata kabla ya kufunga, ni vile nilikuwa sijawahi kujipapasa. Buda, uliwahi kujipapasa kabla ya operesheni?

#19 Baba Wanne
Kamau, kusema kweli hapana. Nani anajipapasa bila sababu?

#20 Kamau wa Thika
Ndiyo hivyo. Baada ya operesheni kila mtu anakuwa mkaguzi. Lala chini dakika kumi uone kama uzito unapungua. Ukipungua, angalia hiyo mishipa.

#21 Mzee wa Ujiji
Wanangu, salaam. Niwaambie kitu: Kigoma jambo hili si geni. Miaka ya tisini huku wanaume walifunga, tena wakulima, wala hawakuwa watu wa ofisini. Mpaka wataalamu wakaja kuwahoji ni kwa nini wamekubali, na utafiti wao ukachapishwa 2007. Mimi ni mmoja wa waliofunga zamani hizo. Majirani walisema tumehasiwa kama ng'ombe wa kulimia, tutanenepa, sauti zitakuwa za kike. Sauti yangu mnaweza kumuuliza muadhini wetu, hajawahi kunipita.

Kuhusu maumivu: kwangu yalikuja pande zote mbili, yakakaa, yakaondoka bila kuaga. Aliyetufunga alitueleza kwamba nyuma ya korodani kuna kifuko kirefu ambamo mbegu hukomaa. Njia ikizibwa, kinajaa na kuvuta, mpaka mwili uzoee kuzinywa mbegu zake wenyewe. Kwa hiyo mimi sioni saruji wala mishipa. Naona foleni tu. Maji ya uvuguvugu jioni, na usikae muda mrefu bila kukutana na mkeo.

#22 Mtukutu wa Ilala
Mzee, hiyo dawa ya mwisho naomba uniandikie kwenye cheti chenye muhuri.

#23 Mzee wa Ujiji
Oa kwanza, kijana.

#24 Umurinzi wa Musanze
Muraho, habari zenu. Rwanda serikali iliamua kuipeleka huduma hii mpaka hospitali za wilaya. Mwaka 2010 alikuja daktari wa Kanada, Michel Labrecque, akawafundisha madaktari wetu namna ya kuchoma ncha ya mrija kwa joto kutoka ndani, halafu kuvuta utando mwembamba na kuutia katikati ya ncha mbili ili zisirudi kuonana. Namna ya kutoboa bila kisu ilianzia China, kwa daktari Li Shunqiang wa Sichuan mwaka 1974. Aliona wanaume wanaogopa kisu kuliko mimba.

Swali langu kwa Baba Wanne: wewe walikuchoma au walikufunga kwa uzi? Uzi ukikaza sana unaweza kukamata neva ndogo zinazopita kando ya mrija. Maumivu ya namna hiyo huvuta hadi kinena, na ukibonyeza pale pale kwenye fundo unaruka.

#25 Baba Wanne
Umurinzi, nakumbuka nilisikia harufu ya kuungua kidogo, halafu daktari akaomba uzi. Nadhani vyote viwili. Na kweli nikibonyeza pale naruka.

#26 Tabibu wa Zamu
Hata granuloma ukiibonyeza unaruka. Kidole pekee hakitoshi kutofautisha. Mkuu, omba utrasaundi.

#27 Binti Songea
Samahanini nawakatisha. Mume wangu amefunga mwezi uliopita, amesema kondomu sasa basi. Ni kweli?

#28 Fundi Seremala
Wiki mbili zinatosha dada. Mirija imekatwa, mbegu zitapita wapi?

#29 Mama Pendo
Fundi, tafadhali usimpoteze mwenzio! Dada Binti Songea, SI KWELI. Mbegu zilizokuwa zimeshapita sehemu iliyokatwa bado zipo mbele huko, zinasubiri. Tumia kondomu au njia yako nyingine mpaka apimwe shahawa.

#30 Jicho la Tai
Mimi nilisoma mahali ni kumwaga mara 20, basi umemaliza.

#31 Tabibu wa Zamu
Hesabu ya mara 20 peke yake ni ya zamani. Wapo waliofikisha 20 na mbegu bado zinaogelea. Shirika la Afya Duniani linasema miezi mitatu, kisha kupima kama kipimo kipo. Sampuli ikionekana haina mbegu, nafasi ya mimba ni kama moja kati ya 2,000. Wasipopima, mwongozo wa shirika hilo unataja mimba 2 hadi 3 kwa kila wanawake 100 mwaka wa kwanza. Tofauti hiyo ndiyo maana nawasumbua watu na kikopo cha maabara. Na kufunga hakuzuii UKIMWI wala kaswende, kondomu ina kazi yake nyingine.

Tena naomba wanaume mlisikie hili. Nimeshuhudia ndoa ikivunjika kwa sababu mke alishika mimba wiki chache baada ya mume kufunga, akafukuzwa kwa aibu kuwa ametoka nje. Hakuna aliyewaambia habari ya miezi mitatu. Yule mama alikuwa mwaminifu, na mtoto alikuwa wa baba yake, sura yake yote. Tusiwahukumu wanawake kwa kosa la maelezo ambayo hayakutolewa.

#32 Binti Songea
Mungu akubariki Tabibu. Leo anasoma uzi huu, nimempa simu.

#33 Mswahili wa Leicester
Salaam kutoka Uingereza. Nilifungiwa huku. Sisi tunaambiwa tusubiri wiki 12 na tuwe tumetoa mbegu angalau mara 20, vyote viwili kwa pamoja, ndipo upeleke sampuli. Kwa hiyo Jicho la Tai na Tabibu kila mmoja ameshika nusu.

Nimwambie Baba Wanne jambo gumu ambalo wengi hawaambiwi. Wapo wanaume, mmoja au wawili kati ya mia, maumivu yanawakaa na kuwavuruga maisha, na madaktari huanza kuyaita sugu yakipita miezi mitatu. Mimi nilikaribia kuwa mmoja wao. Chanzo chake wanabishana hata huku: wapo wanaosema mbegu kujazana kama Mzee alivyoeleza, wapo wa neva kama Umurinzi, na wapo wanaosema ni neva zilizozoea kupiga kelele hata kidonda kikishapona. Kilichonisaidia ni brufeni kwa ratiba badala ya kusubiri iume, boksa ya kubana, na kuacha kujipapasa. Kila nilipojipapasa niliamsha upya. Wewe uko wiki ya tano, bado hujafika kwenye usugu, usikate tamaa.

#34 Jicho la Tai
Nisaidieni: nikibadili mawazo naweza kufunguliwa? Na habari ya saratani ya tezi dume ikoje?

#35 Tabibu wa Zamu
Kufunguliwa kupo, ila ni upasuaji wa darubini, ghali, na wataalamu wake ni wa kutafuta. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 1991 ulionyesha waliofunguliwa kabla ya miaka 3, mbegu zilirudi kwa asilimia 97 na mimba kwa 76. Waliokaa miaka 15 na zaidi, mbegu 71 na mimba 30. Kwa hiyo ichukulie ni ya moja kwa moja. Kama moyoni una "huenda", usifunge bado. Saratani namwachia wa Leicester, huko wanasoma zaidi.

#36 Mswahili wa Leicester
Mwaka 2014 utafiti mmoja wa Marekani ulisema hatari inaongezeka kidogo. Mwaka 2016 mwingine mkubwa, huko huko Marekani, haukuona uhusiano. Daktari wangu alisema umri na ukoo vina uzito zaidi. Ukifika umri wa kupima tezi, pima, umefunga au hujafunga.

#37 Ostadhi wa Mkunazini
Assalaam alaykum. Wanangu, msisahau kwamba masheikh wengi hawaruhusu kukata kizazi moja kwa moja ila kwa dharura ya uhai. Aulizwe mwenye elimu kabla ya kwenda, si baada.

#38 Kamau wa Thika
Na sisi Wakatoliki, Papa Paulo wa Sita alishasema hapana mwaka 1968. Mimi nilikaa na mke wangu na dhamiri yangu, tukaamua. Sitabishana na Ostadhi.

#39 Baba Wanne
Ostadhi, nimekusikia kwa heshima. Mke wangu alikuwa anadegedeka kitandani mbele ya macho yangu, kajing'ata ulimi, damu mdomoni, na mtoto bado hajatoka. Kwangu hiyo ndiyo dharura ya uhai.

#40 Ostadhi wa Mkunazini
Basi Allah awape afya nyote wawili. Amin.

#41 Mtukutu wa Ilala
Na wanaosema maji yanakauka? Kijiweni kwetu wanasema unabaki unakohoa tu.

#42 Mama Pendo
Mtukutu, mimi ni shahidi, hakuna kilichopungua. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya yale maji, hazifiki hata kumi kwa mia. Mengine yanatoka kwenye tezi za ndani ambazo hazikuguswa. Waambie wa kijiweni.

#43 Baba Wanne
Wakuu nimerudi na majibu. Kwanza tochi: haikung'aa, Nahodha pole. Mkojo: safi, hauna maambukizi. Utrasaundi ya jana imesema hivi, naandika kama daktari alivyonitafsiria. Moja, kivimbe kidogo kwenye ncha ya mrija wa kushoto, "huenda ni granuloma". Mbili, kile kifuko cha nyuma ya korodani kimejaa kidogo kuliko cha kulia. Tatu, mishipa ya damu ya kushoto imetanuka kiasi. Akasema korodani zote mbili zina afya na damu inapita vizuri. Nikamuuliza sasa katika hayo matatu ni lipi linaloniuma? Akasema angekuwa anajua angeniambia.

#44 Kamau wa Thika
Mishipa! Niliwaambia.

#45 Mzee wa Ujiji
Kifuko kimejaa, mwanangu. Foleni.

#46 Tabibu wa Zamu
Na granuloma ipo. Nafurahi zaidi kwamba korodani ni nzima na maambukizi hayapo. Endelea na chupi ya kubana, brufeni baada ya chakula kama huna vidonda vya tumbo, na saruji waachie vijana kwa sasa.

#47 Fundi Seremala
Mbona hakuna aliyeuliza kama damu iliyoganda inaonekana kwenye utrasaundi kama granuloma? Mimi nabaki na msimamo wangu.

#48 Umurinzi wa Musanze
Na neva haionekani kwa utrasaundi, Fundi. Hata mimi nabaki na wangu.

#49 Baba Wanne
Taarifa fupi. Nimeweka stuli dukani, sisimami siku nzima tena. Uzito umepungua, asubuhi sina kitu, jioni unakuja kidogo hasa siku za mzigo mwingi. Njegere ipo, ila sasa naibonyeza bila kuruka. Kipimo cha shahawa nimepangiwa miezi mitatu ikitimia. Mpaka hapo kondomu zipo kabatini, mama amesimamia kucha.

#50 Mwendesha Boda Kihonda
Baba Wanne tuko mji mmoja. Nimepangiwa Ijumaa hii. Pikipiki nirudi lini, maana bosi anataka hesabu ya kila siku?

#51 Mswahili wa Leicester
Wiki nzima usikae kwenye tanki la pikipiki, kijana, na barabara za makorongo uziongezee wiki nyingine. Zungumza na bosi wako kabla ya Ijumaa.

#52 Mama Pendo
Na una watoto wadogo? Andaa mto.